Hoja Tuliyopitisha Kabla ya Ile ya Mbuzi

Mpaka leo, mtu akiniuliza baraza letu liliamua nini siku ile, namwambia akamuulize mwingine. Si kwamba nimesahau. Ningesahau, ningemshukuru Mungu.

Mimi ni Ngalula Annie, mshauri katika baraza la Mulombwa. Mulombwa ni mji mdogo kando ya njia ya Kapata, huku Kolwezi. Ukipita juu ya taxi-moto, pikipiki ya abiria, ukapiga chafya, umeshaukosa. Lakini baraza tunalo, tena lenye rais, katibu, bendera na viti vya plastiki. Nauza vitenge sokoni. Siku ya kikao nafunga kibanda, navaa kitenge kilicho kizuri kuliko vyote, naenda kuwatumikia raia. Hivyo ndivyo ninavyosema. Ukweli ni kwamba napenda kubishana, na sokoni ukibishana sana wateja wanakimbia.

Watu wananiogopa kidogo, na wana sababu. Mume wangu Ngoyi alifia shimoni akitafuta kobalti, na tangu hapo sitaki kusikia habari za wachimbaji. Vijana wanatoka pande zote za Kongo, wanakuja kutoboa viwanja vya watu mpaka ndani ya vyumba vya kulala, na mtu mwenye akili zake anawafungulia mlango. Nimewaita panya, barazani, kwa sauti, na wenzangu wakacheka. Mwanangu Sadrack aliniapia kwamba hatatia mguu shimoni. Anaendesha taxi-moto mtaa wa Manika. Nikimwona asubuhi anawasha pikipiki yake moyo unatulia. Sina mtoto mwingine, na nilikuwa namwambia hivyo hata mbele ya wageni, mpaka anaona haya.

Basi, kikao. Rais wetu ni Tata Kalonji Baudouin, mwalimu mstaafu, mtu mwema anayependa utaratibu kuliko chakula. Ukimwambia nyumba yake inaungua bila kuinua kidole, atakuuliza kwanza nani kakupa nafasi ya kusema. Tuliomba, tukasomewa taarifa ya kikao kilichopita, tukagombana kuhusu taka za soko. Nje, uani, lori lililojaa udongo lilikuwa limesimama. Lilikuwa la kujaza mashimo ya barabara, na dereva alikuwa anasubiri tumwambie aanzie wapi.

Ikafika hoja ya sakafu. Sakafu ya ukumbi wetu ilikuwa imepasuka, na ufa mmoja ulikuwa unapita chini ya kiti changu, mpana kiasi cha kumeza kisigino cha kiatu. Nilisema itengenezwe. Tata Muamba Hénock akasimama haraka sana.

Huyo Hénock ni mshauri pia, na kiwanja chake kimegusana na ukumbi, ukuta kwa ukuta. Mwaka ule alikuwa ameuinua ukuta wake, akatandaza turubai juu ya ua mzima, na kutwa nzima redio yake ilikuwa inapiga nyimbo za dini kwa nguvu zote. Tulikuwa tunasema Tata Hénock ameokoka mara mbili.

"Hii sakafu iko muzuri," alisema. "Mama Ngalula anapenda tu kulalamika. Tuende ku point ingine."

Nilikuwa nimeshainua kidole ili nimjibu, na nilikuwa na la kumjibu, wakati umeme ulipokatika. Redio ya Hénock ikanyamaza. Sijui kama unaelewa kimya hicho kilikuwaje. Kwa miezi hatukuwahi kufanya kikao bila zile nyimbo. Tulikuwa tumezoea kupaza sauti kama watu walio kwenye harusi.

Tata Baudouin akafurahi. "Bandugu, tulisahau dakika ya kimya kwa ajili ya Mama Kapinga. Tutumie hii nafasi. Tusimame."

Mama Kapinga alikuwa mshauri mwenzetu, tuliyemzika wiki iliyotangulia. Tukasimama, tukainamisha vichwa. Ndipo tukasikia ngo, ngo, ngo. Ilitoka chini, chini ya miguu yetu. Myriam, katibu wetu, alishika kifua akataja jina la Yesu, na mzee mmoja pembeni akamwita marehemu, "Mama Kapinga?" kwa sauti ndogo kabisa. Siku nyingine ningecheka.

Ikaja tena. Chuma juu ya chuma, kisha udongo unaanguka.

"Tata Muamba," rais alisema polepole, "nini hii?"

Hénock alikuwa anatoka jasho kama mtu wa homa. "Ni pompe, Monsieur le président. Nilichimba kisima ya maji mu parcelle yangu."

"Kuko bantu mule?"

"Hapana! Hakuna mutu. Ni pompe tu."

Nami ni mjane wa mchimbaji. Nyundo juu ya patasi naijua kama ninavyoijua sauti ya mlango wangu. Isitoshe umeme ulikuwa umekatika sasa hivi, na pampu inakula umeme, haili ugali. Nilijua kuna watu mle. Kila aliyekuwa ukumbini alijua. Sisi ni watu wa Kolwezi, tunacheza na mashimo tangu utotoni. Lakini Hénock alikuwa amesema hakuna mtu, na neno hilo lilitufaa wote. Kama hakuna mtu, hakuna kesi.

Hasira ilinipanda mpaka kwenye masikio. Wanatoboa mpaka chini ya baraza! Nikainua kidole, nikapewa nafasi, nikasema kwa sauti yangu ya sokoni:

"Bafunge ile shimo leo! Kamyo ya udongo iko tu pale inje. Imwage yote mule. Kama ni pompe, pompe izikwe. Na kama ni panya, panya beko na njia mingi ya kutokea!"

Watu walicheka. Kicheko cha kutoa hofu, lakini ni kicheko.

"Nani anapinga?" aliuliza Tata Baudouin. Hakuna aliyepinga. Hénock alifungua mdomo, akaufunga. Akisema kuna watu, anaingia jela na kiti cha ushauri kinapotea. Akaketi. "Adopté, imepita," rais alisema, nasi tukapiga makofi yale yetu ya pamoja, mafungu matatu, kama tunavyofanya hoja ikipita. Kisha rais akaenda dirishani, akamwonyesha dereva kwa mkono: kule, kwa Tata Muamba, nyuma ya ukuta.

Tukaendelea na hoja ya mbuzi.

Hili ndilo nisilolielewa mpaka leo. Tulikaa kwenye viti vyetu, tukazungumza habari za mbuzi. Mbuzi wanaozurura sokoni wanakula vitenge vyangu, kwa hiyo nilikuwa na mengi ya kusema, na niliyasema. Nje lori lilikuwa linarudi nyuma, tukasikia lango la Hénock likifunguliwa, na mimi nilikuwa naeleza jinsi mbuzi wa Tata fulani alivyotafuna kitenge cha harusi. Ngo ngo zilikuwa zimebadilika. Hazikuwa za kazi tena, zilikuwa za haraka, huku na huku, pasipo mpango. Nikapaza sauti ili nisikike.

Kisha, chini ya kiti changu, kutoka kwenye ufa:

"Mama."

Niliinua miguu.

"Mama, ni mi. Ni mi Sadrack."

Ningependa kusema nilifanya jambo la maana. Sikufanya. Niliinama kwenye ufa, na maneno ya kwanza yaliyonitoka yalikuwa ya kumkatalia.

"Weye uko Manika!"

"Hapana, mama. Niko huku chini. Mashine ya upepo ilizima pamoja na umeme, hatuwezi kupumua. Na banamwaga udongo ku mulango ya shimo. Mama, uwaambie baache!"

Mngurumo ukapita. Bodi la lori lilikuwa linanyanyuka, na tukasikia udongo ukishuka, mzito, kwa muda mrefu. Vumbi likafumka kutoka kwenye ufa likanipiga usoni.

Nilipiga yowe. Nilikimbilia dirishani nikamwita dereva, lakini nani anasikia kwenye injini ile? Myriam alikuwa ameshatoka mbio, kiatu kimoja kimebaki mlangoni. Nikamgeukia rais.

"Simamisha! Tata Baudouin, ni mutoto yangu!"

Alishika karatasi zake kwa mikono yote miwili. "Mama Ngalula, motion ilishapita. Ili kuifuta..." Akaangalia karatasi zake, akatuangalia sisi. "Ili kuifuta inaomba motion ingine."

Sikumpiga. Nasema hivyo kwa kuwa watu wa Mulombwa wanasimulia kwamba nilimpiga. Alikuwa mzee aliyechanganyikiwa, akishika kitu pekee alichokijua, na machozi yalikuwa yanamtoka huku akisema upuuzi ule.

Myriam alirudi, mavumbi mpaka nywele. Lori limesimama, alisema, lakini limeshamwaga karibu lote. Mdomo wa shimo hauonekani.

Hapo ndipo Hénock alipoinuka. Aliongea bila kumtazama mtu.

"Tuvunje hapa. Walifuata mushipa ya madini, ikapanda. Inafika karibu sana na hii sakafu. Pale pale chini ya kiti ya mama."

Alijua. Alikuwa amekaa kikao kizima akijua. Alikimbia kwake akarudi na nyundo kubwa na mitarimbo. Vifaa hakuwa na shida navyo. Na baraza la Mulombwa, wanaume wenye tai na wanawake wenye vitenge vya kikao, tukavunja sakafu yetu wenyewe. Tata Baudouin alivua koti, akatwaa chuma kilichoshikilia bendera, akapiga mpaka viganja vikachubuka. Mimi nilichimba kwa mikono. Nilikuwa naita, "Sadrack, unanisikia? Sadrack!" na mwanzoni alikuwa anaitika, halafu akaacha kuitika. Sijui muda huo ulikuwa mrefu kiasi gani. Ulikuwa mrefu kuliko ndoa yangu.

Sakafu ilipoachia, kipande kikubwa kiliangukia ndani, hewa chafu ya moto ikatoka. Kwanza ulitoka mkono nisioujua. Tukauvuta. Ni kijana mwembamba, macho mekundu, mweupe wa vumbi kama aliyepakwa unga. Baada yake mwingine, amezimia, tukamlaza mlangoni akarudiwa na pumzi. Wa mwisho alikuwa Sadrack. Alikuwa anawasukuma wenzake kutoka chini.

Nilimkumbatia, nikampiga makofi mgongoni, nikamkumbatia tena. Nilimtukana matusi ambayo mama hapaswi kuyajua. Alikohoa tu, akaegemea bega langu, nami nikawa nahesabu pumzi zake kama nilivyokuwa nafanya alipokuwa mchanga. Watu walikuwa wanalia. Rais alikuwa ameketi sakafuni kando ya tundu, bila koti, akirudia, "Mungu wangu, Mungu wangu." Nilijua nimesamehewa. Nilijisikia hivyo kabisa, kwamba Mungu amefuta kila kitu kwa mkono mmoja.

Kijana yule wa kwanza alikuwa amewekwa kwenye kiti, kiti changu kwa kweli. Sadrack aliniambia jina lake, Kabamba, anatoka Mbuji-Mayi, hana ndugu hapa. Alikuwa ananitazama muda wote. Mwishowe akasema, kwa upole, kama mtu anayeuliza njia:

"Mama, ni weye ulisema bamwage udongo?"

Sadrack aliinua kichwa kutoka begani kwangu.

"Kule chini tunasikia yote," Kabamba alisema. "Kila mara munakutana, tunasikia. Tulisikia mukicheka, tukasikia mukipiga mikono. Mi nikasema, basi, tumekwisha. Sadrack akasema hapana, ile ni sauti ya mama yangu, nikimwita atasimamisha." Akakohoa, akapangusa mdomo. "Na ndiyo vile. Alikuita, ukasimamisha."

"Ndiyo, mwanangu."

"Mama yangu iko Mbuji-Mayi. Hii asubuhi Sadrack alitaka kwenda na pikipiki yake Manika, mi ndiye nilimuomba akuje atusaidie." Hakuwa ananishutumu. Naapa hakuwa ananishutumu. Alitaka kujua tu. "Kama hangekuja. Kama ningekuita mi, ningesema, mama, tuko huku, tunakufa. Ungefanya nini?"

Ningeweza kumdanganya. Wenzangu wote walikuwa wananitazama kwa macho ya kuniomba nimdanganye, maana jibu langu lilikuwa lao pia. Lakini nilikuwa nimesikia zile ngo ngo zilipobadilika. Nilizisikia, nikapaza sauti.

"Tungeendelea na habari ya mbuzi," nilimwambia.

Akaitika kwa kichwa, kama mtu aliyejibiwa vizuri, akaomba maji ya kunywa. Sadrack akautoa mkono wangu begani mwake, akasimama kwa shida, akaenda kumtafutia.