Doa Safi

Mimi ni mtu wa mazulia. Wengine wamezaliwa na sauti, wengine na miguu ya mbio. Mimi nimezaliwa na pua inayotofautisha doa la maziwa na doa la mkojo wa mtoto nikiwa bado mlangoni. Mtaani wananiita Povu, na sikasiriki, kazi mbaya si mchezo mwema. Wateja wangu wote wanazijua amri zangu tatu, maana huwaimbia bila kuombwa: usisugue bali gandamiza, anzia pembeni mwa doa uende katikati, na kabla ya kutia dawa yoyote, ijaribu kwanza kwenye kona iliyofichika, nyuma ya kochi, asipotazama mtu. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoivunja siku mchumba wangu aliponipeleka kwao nikaonekane.

Mchumba wangu ni fundi baiskeli. Ni kitinda mimba wa mama yake, na kwao wanamwita Kitinda hadi leo, ingawa kipara kimeshaanza kubisha hodi. Mama yake ni fundi cherehani, mjane, mwanamke asiyepitwa na uzi. Wachumba wawili walinitangulia pale. Wa kwanza alikataliwa kwa sababu alicheka kabla ya kuketi. Wa pili, Kitinda mwenyewe hakumbuki kosa lake, ila anakumbuka kwamba baada ya siku ile hakuna aliyethubutu kumtaja. "Mama akikataa nitakuoa tu," aliniambia. Lakini mimi sikutaka kuolewa "tu". Nilitaka yule mama anitake, na wiki tatu nilikuwa nimelitaka jambo hilo hata nguo zikaanza kunipwaya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Pindo la gauni lako limepanda kushoto."

Nikaingia. Sebule nzima ilikuwa ya kahawia. Mapazia, vitambaa vya makochi, mito, hata kifuniko cha redio. Vyote alishona mwenyewe, vyote vikilingana na zulia lililoenea ukuta hadi ukuta. "Rangi za nyumba lazima zisikilizane," akanieleza, akanipa bilauri ya juisi ya zabibu, akarudi jikoni kuangalia sufuria zake.

Furaha ilinipanda kichwani. Kitinda akaninong'oneza, "Kukosoa pindo ni dalili njema. Asiyempenda hamkosoi." Nikainua mikono yote miwili kushukuru. Bilauri ilikuwa kwenye mmojawapo.

Juisi ya zabibu, jamani! Ikatua katikati kabisa ya zulia, ikatanda.

Kitinda akashika kipara. "Tumekwisha."

"Umekwisha wewe," nikamwambia. "Mimi niko kazini."

Wanawake wengine hubeba poda kwenye mikoba yao. Mimi hubeba vitambaa vyeupe, chupa ya siki, na chupa ya dawa ya povu ninayoichanganya mwenyewe. Nikapiga magoti. Nikagandamiza, nikageuza kitambaa, nikagandamiza tena, kisha siki na maji baridi. Zambarau ikahama zulia ikaingia kitambaani. Kilibaki kivuli kidogo tu, na mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Mimi nilikuwa na mapenzi. Nikamimina povu la kutosha kuogesha ng'ombe, wala sikukumbuka kwamba chumba kile kilikuwa na kona.

Nilipofuta, doa halikuwepo. Lilikuwepo jingine: duara kubwa kama sinia, la kijani kibichi kabisa.

"Umelibabua," Kitinda akasema.

"Sijalibabua." Nikanusa. Nikachambua nyuzi kwa ukucha mpaka chini. "Hii ndiyo rangi yake."

"Rangi yake ni kahawia. Nimekulia hapa."

"Umekulia juu ya vumbi, mpenzi. Zulia hili ni la kijani."

Tukalitazama duara. Tukatazama mapazia, mito, kifuniko cha redio. Miaka yote hiyo yule mama, pamoja na macho yake yale, alikuwa ameshona nyumba nzima ilingane na uchafu! Hapo kikanishika kicheko, kile kinachomjia mtu msibani, hakina adabu wala breki. Kitinda naye akaanza, akajiziba mdomo kwa mto.

Nyayo zikasikika. Kitinda akaisukuma meza ndogo juu ya duara, lakini duara likaizidi meza pande zote. Akaivuta tena. Nikasimama mwenyewe palepale, miguu pamoja, gauni nimelitandaza.

"Mbona umesimama?" mama akauliza mlangoni, mwiko mkononi.

"Nanyoosha mgongo, mama."

"Na meza yangu, mbona inazurura?"

"Nayo inanyoosha miguu," Kitinda akasema, na nikalazimika kuung'ata ulimi.

Mama akasogea. "Hebu pisha." Nikapisha kidogo. "Pisha hasa."

Nikapisha hasa. Kicheko kilinitoka mwilini chote, ukabaki woga mtupu. "Nilimwaga juisi, mama," nikasema. "Kisha nikaitoa. Kisha nikazidisha. Kazi yangu ni kuosha mazulia, na zulia lako ni la kijani. Nisamehe."

Mchuzi ukadondoka kutoka kwenye mwiko, tone moja, hakuna aliyelijali. Nikajihesabu: mchumba wa kwanza, wa pili, na mimi wa tatu. Mama akapiga magoti polepole, akakiweka kiganja chake juu ya lile duara.

"Mshenzi mkubwa," akasema.

Nikadhani ni mimi.

"Marehemu baba yako," akamgeukia Kitinda. "Nilimtuma zulia la kahawia. Nilimpa hata kipande cha kitambaa akafananishe dukani. Akarudi na hili, kijani kama chura, anatabasamu! Tukagombana siku nne. Siku ya tano akaniambia, 'Mke wangu, wewe vuta subira. Tembea tu juu yake. Kahawia yako itakuja.'" Mabega yakaanza kumtikisika. "Ikaja! Ikaja kidogo kidogo, nami nikasahau. Mpaka leo nilijua nilimshinda!"

Akacheka. Mama aliyemkataa mtu kwa sababu ya kicheko alicheka mpaka akaketi chini, miguu kainyoosha mbele, mwiko umeruka hadi chini ya kochi. Alijifuta machozi kwa kiwiko, na hayakuwa yote ya kucheka. Mimi nami nikalia kidogo, kwa kuwa sijui kumwacha mtu alie peke yake.

"Lioshe," akasema mwishowe.

"Lote?"

"Ulitaka nibaki na sinia katikati ya nyumba?"

"Na mapazia, mama? Hayatasikilizana nalo."

"Mapazia niachie mimi. Cherehani ninayo."

Tukabeba makochi hadi uani. Mama akajifunga kitambaa kiunoni, akashika pembe ya dirishani, na kabla sijajizuia nikapiga ukelele, "Usisugue, mama! Gandamiza!"

Kitinda akaganda na ndoo yake. Hakuna aliyewahi kumpigia kelele yule mama, sidhani hata yule marehemu wa chura.

"Si nagandamiza?" mama akajibu, na kweli akaanza kugandamiza.

Maji yalitoka meusi, ndoo baada ya ndoo. Kijani kikajitokeza kutoka dirishani, kikaivuka sebule, kikafika mlangoni. Kitinda akateleza kwenye povu, akasafiri kwa makalio hadi ukutani akiwa amekumbatia ndoo, na sisi wawili tukashindwa kufanya kazi kwa muda mrefu. Sufuria zikaungua jikoni. Mama akanusa, akasema, "Tutakula mkate," akaendelea kugandamiza.

Alasiri tuliketi kwenye kizingiti, madirisha yote wazi, miguu yetu imekunjamana kwa maji, tunakula mkate mkavu. Kitinda uvumilivu ukamwishia.

"Mama, sasa unasemaje?"

"Kuhusu nini?"

"Kuhusu huyu."

Mama akatafuna bila haraka, akameza, akanitazama kuanzia pindo lililopanda kushoto hadi nywele zilizojaa povu.

"Kwanza niwaulize mimi," akasema. "Kwenu mtaweka zulia la rangi gani?"

"Jeupe," Kitinda akasema.

"Hatuweki zulia," nikasema mimi, kwa wakati uleule.

Nikamgeukia. "Jeupe? Una wazimu? Nani atalisafisha?"

"Nyumba bila zulia si nyumba, ni gereji!"

"Na iwe gereji! Mimi nitoke kwenye mazulia ya watu niingie kwenye zulia langu, tena jeupe? Na wewe na grisi yako hiyo!"

"Nitakuwa navua viatu!"

"Grisi iko viatuni tu?"

Mama akaweka kipande chake cha mkate pembeni, akapangusa mikono.

"Sasa mimi mnaniuliza nini?" akasema. "Nyinyi si mmeshaoana."