Theluji Juu ya Kiti cha Islande

Jumanne asubuhi, Rosemène Valcourt alikuwa jikoni kwake Miami, mtaa wa Wahaiti, akikaanga samaki wa moshi wa kuchanganya na tambi, theluji ilipoanza kuanguka juu ya kiti cha binti yake. Ilianguka pale tu. Islande, aliyekuwa amekikalia, aliinamia sahani yake chakula kisipoe, akaendelea kula.

"Kaskazini basi," Rosemène alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Si Georgia?"

"Georgia ingekuwa mvua."

Mwaka mzima Islande alikuwa akihangaikia ufadhili wa Kumi Pamoja, mradi unaochukua vijana kumi wa mji mmoja na kuwapeleka chuo kimoja, ada yote imelipwa, ili wasiwe wapweke ugenini. Kila kijana aliandika vyuo anavyovipenda kwa mpangilio. Islande aliweka cha Georgia juu, kwa sababu kinafundisha uuguzi, na tangu alipomwogesha bibi yake mpaka siku ya mwisho hakutaka kazi nyingine. Cha Vermont alikiweka chini kabisa, kwa kuwa hakuruhusiwa kukiacha.

Mradi ulipopiga simu jioni kutoa habari, mtaa mzima ulikuwa umeshajua, maana aliyechaguliwa hufikiwa kwanza na hali ya hewa ya chuo chake. Jirani aliyekuwa akisukwa nywele na Rosemène alisema mpwa wake miaka ile alipata upepo, na hadi leo picha hazikai ukutani.

Fritzner, kijana wa nyumba ya juu, alishuka kuja kuitazama theluji. Yeye ndiye aliyeitaka Vermont, kwa ajili ya darubini kubwa ya chuo hicho ya kutazamia nyota. Alifika na Islande hadi usaili wa mwisho, na juu yake hakikuanguka kitu.

"Nikalie hapo?" aliuliza.

"Kalia tu."

Islande akainuka, naye akakaa. Theluji ikasita hewani, ikazunguka meza, ikamfuata Islande alipokuwa amesimama, karibu na friji. Fritzner akahamia kwenye friji. Islande akarudi kitini, nayo ikarudi.

"Hainitaki," Fritzner alisema.

"Na mimi sikuiita."

Rosemène akampakulia kijana tambi, akaongeza samaki.

Kesho yake mama na binti walikwenda ofisini kwa Bi. Kessler, msimamizi wa mradi. Alipangusa theluji mezani kwa mkono wa sweta, kama mtu aliyezoea.

"Binti yangu anataka uuguzi," Rosemène alisema. "Vermont hawana."

"Hawana, mama. Lakini wana biolojia."

"Na Fritzner anayeililia Vermont?"

"Fritzner ni hodari sana. Ila ni msemaji, na wasemaji tulishawapata wanne. Timu ilipungukiwa mtu mtulivu." Akamtabasamia Islande. "Chuo kilipokuona tu, kikasema huyu ndiye."

"Kumbe mnapika supu," Rosemène alisema.

Bi. Kessler alilifikiria hilo. "Unaweza kusema hivyo."

"Na akikataa?"

"Theluji itakoma siku hiyo hiyo. Ufadhili pia."

Islande hakusema kitu. Ndicho walichompendea.

Ndani ya basi la kurudi alipanda mvulana mwenye mabega yaliyolowa, kisha msichana mwenye barafu kwenye nyusi. Walimtazama Islande, wakaenda kukaa naye bila kuambiwa. Kabla ya kituo cha tatu walikuwa wanacheka jambo ambalo Rosemène hakulisikia. Alifurahi, akaona wivu pia, na hakuweza kutenganisha kimoja na kingine.

Mwezi wa nane waliondoka wote kumi. Jiko likakauka. Fritzner alipata kazi kwenye duka la matairi, na jioni hupanda juu ya paa la nyumba. Islande anasoma biolojia. Kwenye simu husema hajambo, wenzake ni kama ndugu, na kwamba kila Jumamosi huenda kuwaogesha vikongwe katika nyumba ya wazee. Halipwi.

Majira ya kuchipua, mradi ulimwalika Rosemène kuzungumza na wazazi wa waombaji wapya. Guerda, mdogo wake Islande, alikuwa ameketi safu ya mbele, mgongo umenyooka, maana mwaka huu alikuwa akiomba yeye.

Baba mmoja aliyevaa sare ya posta alisimama. "Samahani, dada. Mtoto akipewa chuo asichokitaka, anaweza kubadilishiwa?"

Bi. Kessler, aliyekuwa akimimina juisi, aliacha kumimina. Rosemène alimtazama, kisha akamtazama Guerda.

"Mnunulie kofia ya plastiki, ile ya kuogea," alisema. "Nywele zikilowa kila siku hukatika."

Wazazi wakaanza kuazimana kalamu.