Bi Mwavuli na Kichanja cha Juu

Kichanja cha juu cha mashine ya kuoshea vyombo kilitoka relini mbele ya mtu ambaye hakupaswa kabisa kukiona kikitoka: binti mkubwa wa Bi Mwavuli, muuguzi, mwanamke ambaye akiona kidonda hatulii mpaka akifunge. Alikivuta achukue kikombe, kikaja chote, na sahani zikamwagika sakafuni karibu na miguu ya mama yake. Hakuna aliyeumia. Bi Mwavuli aliwaza kwamba ingekuwa afadhali binti mwenyewe angejikwaruza kidogo, angalau angekuwa na jambo lake la kushughulikia.

"Basi," binti alisema, ufagio mkononi. "Nimechoka kulala na simu kifuani, mama. Jumapili nakuja na gari, unahamia kwangu."

"Kwa sababu ya sahani?"

"Kwa sababu huwezi kuosha sahani kwa mkono mmoja, na mashine ndiyo hiyo imekufa. Kidole kimoja hakivunji chawa."

"Mimi sivunji chawa. Naosha vyombo."

"Mama!"

"Na ukija ukaikuta imepona?"

Binti alicheka, kicheko cha mtu anayemhurumia mwenzake. "Ikipona, sitasema neno tena."

"Umesema mwenyewe," alisema Bi Mwavuli, akamfungulia mlango.

Jina hilo la Bi Mwavuli hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, maana miaka yake yote ya nguvu alikaa kwenye kibanda kidogo karibu na kituo cha mabasi akitengeneza miavuli. Ulimletea mwavuli uliopinduliwa na upepo, kitambaa huku na mbavu kule, naye akakurudishia mwavuli. Nyumba hii, vyumba viwili na jiko, ilitoka kwenye mbavu hizo. Mumewe alipofariki watoto walikuwa bado wadogo, na paa halikuvuja hata siku moja. Ndipo kiharusi kikaja, mkono wa kushoto ukalala, na mpaka leo haujaamka. Alijifunza kufunga vifungo upya. Alijifunza kukata mkate uliobanwa kwenye ubao wenye misumari. Kuosha sahani ndiko kulikomshinda, kwa sababu sahani yenye sabuni ukiisugua kwa mkono mmoja inakukimbia ndani ya karo lote. Binti huyohuyo ndiye aliyemletea ile mashine, ya mtumba, na kwa mashine hiyo mama akabaki kwake.

Kilichovunjika kilikuwa kijiplastiki cha ukubwa wa kidole gumba, kinachokaa mwisho wa reli ili magurudumu ya kichanja yasipitilize. Bi Mwavuli alimpigia simu fundi wa mashine.

"Mama, hizo ni za kizamani," fundi alisema. "Spea zake hazitoki tena. Nunua mpya."

"Na wewe jino lako likivunjika, mkeo ananunua mume mpya?"

Fundi alicheka mpaka akakohoa, akakata simu. Hakuwa na ubaya, lakini pia hakuwa na msaada.

Basi Bi Mwavuli akateremsha bati lake la zamani la biskuti, alimotunza masalio ya kazi ya miavuli, akaketi kwenye kigoda mbele ya mashine. Kazi hii aliiona ndogo. Alichagua uzi mnene, akaupaka nta kama alivyofunzwa na mama yake, akaupitisha kwenye matundu ya reli alipokuwa amekaa yule marehemu wa plastiki, akazungusha na kuzungusha. Ncha moja aliibana kwa meno, nyingine akaivuta kwa mkono, goti likiegemea mlango wa mashine usicheze. Muuguzi angemwona na uzi mdomoni angezimia. Fundo lilipokaza, alivuta kichanja kwa hasira zote. Kikagota pale pale.

"Umeona?" aliiambia mashine.

Akaijaza vyombo, akaiwasha, akaenda zake kumwagilia maua kibarazani akiimba. Aliporudi alivuta kichanja kwa madaha, madaha ya mtu aliyekwisha kushinda, na kichanja kikamfuata mpaka mapajani. Bakuli moja likapasuka. Ule uzi ulikuwa unaning'inia, laini, umelegea, na nta yote imeyeyuka ikaenda na maji ya moto.

Alikaa pale sakafuni akalia kidogo, tusimfiche. Alilia kwa sababu aliona gari la binti yake mlangoni, akaona kile chumba cha nyuma alichotayarishiwa, kizuri, chenye zulia, ambamo angeulizwa kila baada ya saa kama anataka chochote. Kisha akauangalia ule uzi akaanza kucheka kwa uchungu. Maisha yake yote alikuwa amepigana na mvua, na mvua haichemki! Kosa hili asingelifanya mtu mwingine yeyote ila fundi mwavuli.

"Haya," alisema, akijifuta uso kwa kiwiko. "Nimekujua sasa."

Ndani ya bati mlikuwa na mbavu za mwavuli mmoja wa zamani, za chuma kisichoshika kutu, ambazo wateja walikuwa wakizigombania. Alichukua ubavu mmoja. Kuukunja ndiyo ilikuwa kazi, kwa kuwa chuma hicho hakikunjwi kwa vidole, sembuse vya mkono mmoja. Alijaribu kuubana chini ya mguu, ukamchomoka na kuruka chini ya jiko. Akautafuta kwa fimbo ya ufagio huku akiutukana. Mwishowe alifungua droo ya vijiko, akaingiza ncha ya ubavu kwenye upenyo, akaifunga droo kwa nyonga na kuegemea kwa uzito wake wote. Ubavu ukapinda. Akaugeuza, akaegemea tena, ukapinda upande wa pili. Akaupitisha kwenye matundu ya reli na kuupiga kwa mchi mpaka ukakaa. Nyonga ilimuuma hata usiku. Lakini aliiendesha mashine kwa maji ya moto kuliko yote, na akairudia kesho yake, na kichanja hakikutoka.

Jumapili binti alikuja na gari la kuazima, nyuma likiwa limejaa maboksi. Hakusalimia vizuri. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akafungua mashine iliyojaa vyombo safi, akavuta kichanja. Kikagota. Akakivuta kwa nguvu zaidi, kikagota tena. Akainama.

"Hii ni nini?"

"Ubavu wa mwavuli."

"Uliukunja na nini?"

"Na nyonga."

Mdomo wa binti ulitaka kucheka, kisha ukaghairi. "Nimefurahi, mama. Kweli nimefurahi. Lakini fungasha tu."

"Ulisema hutasema neno tena."

"Nilidhani haitapona."

Bi Mwavuli alihisi damu ikimpanda kichwani. Kumbe hata angeitengeneza mashine nzima kwa meno, bado gari lingekuja. Mtihani ule ulikuwa umewekwa ili ashindwe.

"Si mashine, mama. Ni wewe. Leo kichanja, kesho utaanguka bafuni. Nani atakuokota?"

"Naweza kuanguka. Kwani kwako hakuna sakafu?"

"Mimi nataka uwe hai!"

"Niko hai. Ndiyo maana nakataa. Sikutengeneza hii ili unipe ruhusa. Nimeitengeneza kwa sababu vyombo vyangu vilikuwa vichafu. Rudi na maboksi yako."

Binti alianza kulia, mtu mzima yule, bado ameshika mlango wa mashine. "Naogopa, mama."

"Najua. Ogopa, mwanangu, sikukatazi. Ila usinihamishe mimi ili woga wako upate usingizi."

Binti, kwa mazoea, akapangusa macho na kuanza kutoa vyombo, sahani tatu kwa mpigo.

"Weka chini," alisema Bi Mwavuli. "Keti. Hapa wewe ni mgeni."

Binti aliketi. Bi Mwavuli akachukua sahani moja, akaipeleka kabatini, akarudi kuchukua nyingine. Alikwenda na kurudi bila haraka, na binti yake akamtazama, viganja amevibana katikati ya magoti. Sahani ya mwisho iliteleza kwenye ukingo wa rafu. Bi Mwavuli aliidaka kwa kifua, akasikia kiti kikisukumwa nyuma yake, akaisogeza sahani kwa kidevu na mkono mpaka ikakaa juu ya wenzake. Alipogeuka, binti alikuwa ameshaketi tena.