Kiti cha Bibi Sijaona

Massoudi aliweza kushusha injini ya lori na kuipandisha tena bila kuita msaidizi, lakini kumwambia mama yake kwamba amemwombea kiti cha magurudumu uwanja wa ndege ni kazi iliyomshinda. Siku ya kukata tiketi alimweleza karani kwamba abiria mmoja hawezi kwenda mbali kwa miguu wala kupanda ngazi. Kisha akarudi nyumbani, mtaani Jabe, akala, akanawa mikono, akamnong'oneza mkewe Asiya kwamba yeye ndiye atakayempasha mama habari hiyo. Alisema wanawake wanasikilizana.

Asiya hakuwahi kusikilizana na mama mkwe wake tangu aingie nyumba ile. Si kwamba waligombana. Bibi Sijaona hakuwa mtu wa kugombana, alikuwa mtu wa kutazama. Alitazama wali wa Asiya, akautazama tena, akasema wa jana ulikuwa mzuri. Na jana yake alikuwa amesema hivyo hivyo juu ya wali wa juzi.

Sasa walikuwa wanakwenda Dar es Salaam pamoja: Bibi, Asiya, na watoto wawili, Houda aliyekuwa ameanza shule juzijuzi, na Ilyasi aliyekuwa amejua kutembea juzijuzi na hakutaka tena kufanya kitu kingine. Khadidja, binti wa mwisho wa Bibi, aliyeolewa huko, alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza. Kwa basi safari ni ndefu, na magoti ya Bibi yalikuwa yamekataa kukunjwa, hata sala alikuwa anaisali juu ya kiti cha plastiki. Ndiyo maana ikaamuliwa ndege.

Asiya alipanga kumwambia asubuhi wakati wa chai. Kwenye chai Bibi aliitazama chai. Akapanga kumwambia ndani ya gari, lakini Massoudi, aliyekuwa amehangaika wiki nzima kutafuta petroli adimu ya safari hiyo, alifungua redio kwa sauti ya juu na hakuizima mpaka walipofika. Aliwashusha, akambusu mama yake mkono, akakumbuka ghafla kwamba ameegesha vibaya, akatoweka.

Mlangoni alikuwa amesimama mtu wa makamo mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, jina lake Dieudonné, ameshika kiti cha magurudumu kitupu.

"Namutafuta Sijaona," alikuwa akimwambia askari.

"Kama hujaona, endelea kutafuta," askari akamjibu.

"Apana. Sijaona ni mutu."

Askari alimtazama kwa huruma, akamwambia watu ni wengi leo, atamwona tu.

Bibi alisikia jina lake. Alisogea, akasema Sijaona ni yeye, na akampa Dieudonné mkono kwa furaha, akidhani ni rafiki wa Massoudi aliyetumwa kuwapokea. Dieudonné naye alifurahi, akakigeuza kiti na kukifuta kwa kiganja. Bibi alikiangalia kiti, akaangalia nyuma yake kuona mgonjwa ni nani. Hapakuwa na mtu. Akamwangalia Asiya, na Asiya akainama kufunga kamba za viatu vya Ilyasi, viatu ambavyo havikuwa na kamba.

"Mi siko kilema," alisema Bibi. "Mi natembea."

Na ili lisibaki neno, akatembea. Alivuka nusu ya ukumbi kwa mwendo wa mtu anayekwenda kudai haki yake, akasimama kwenye nguzo, akaishika, akaanza kusoma tangazo la benki. Lilikuwa la Kifaransa, lugha ambayo Bibi hakuisoma, lakini alilisoma kwa muda mrefu.

Wakati huo Houda alikuwa tayari amepanda kwenye kiti. Ilyasi alipiga kelele mpaka naye akapandishwa. Sakafu ilikuwa laini, kiti kikaanza kwenda chenyewe kuelekea kwenye nguzo, watoto wakicheka, na Bibi akageuka akakishika mipini kwa nguvu zote ili kisiwagonge watu. Hapo alitulia. Asiya aliuona uso wake ukibadilika. Uzito ulikuwa umehamia mikononi, na magoti, kwa mara ya kwanza asubuhi ile, yalikuwa yamepumzika.

"Wajukuu wamechoka," Bibi alitangaza. "Nitawasukuma."

Hivyo ndivyo walivyoingia: watoto wawili wazima wa afya wakisukumwa na bibi yao asiyeweza kutembea, na Dieudonné akienda pembeni ameinua mikono miwili kama anayemfundisha mtu baiskeli, akieleza kwa upole kwamba utaratibu wenyewe hauko hivyo. Watu waliwapisha kwenye foleni. Bibi alipokea heshima ile kwa kuinamisha kichwa, kisha akamwambia Asiya kwamba siku hizi watu wanapenda sana watoto.

Kwenye mashine ya kukagulia mizigo ndipo mambo yalipoharibika. Bibi alikuwa amebeba ndagala wakavu, dagaa wa ziwa la kwao, kwa ajili ya Khadidja, kwa sababu binti aliyezaa hawezi kukaa bila ndagala wa kwao, na alikataa katakata kuwaweka kwenye sanduku. Mfuko ulipowekwa kwenye mkanda, Ilyasi aliuvuta kutoka chini. Ulipasuka. Ndagala walimwagika juu ya mkanda unaotembea, wakaingia ndani ya mashine, na kwenye kioo askari waliona samaki wadogo wakipita mmoja baada ya mwingine, mifupa mitupu, kama wanahama ziwa. Houda aliuliza kama nao wana pasipoti. Askari wa kike aliyekuwa kwenye kioo alicheka mpaka akafuta machozi, akatafuta mfuko mwingine, na wote wakaanza kuokota. Katikati ya kuokota, Asiya aligundua kwa pua kwamba Ilyasi naye ana shughuli yake inayohitaji kubadilishwa nguo, na haraka.

Walipotoka nje kwenda kwenye ndege, jua lilikuwa limepanda. Bibi alisukuma watoto mpaka chini ya ngazi. Kisha akainua macho. Ngazi ilikuwa imesimama wima, nyembamba, ya chuma, na abiria walikuwa wanaipanda wakivuta mifuko. Bibi alitazama kulia na kushoto. Mara hii hapakuwa na tangazo la kusoma.

Dieudonné alieleza kwamba gari la kunyanyulia wagonjwa liko kwa fundi, lakini gari la chakula nalo linapanda juu mpaka mlango wa nyuma, na dereva wake amekubali. Sharti ni moja tu: Bibi akae kwenye kiti, afungwe mkanda.

"Niacheni hapa," Bibi alisema. "Narudi Jabe."

Asiya alikuwa na Ilyasi mgongoni, Houda mkononi, begi begani na ndagala kwapani. Alikuwa amenyamaza tangu asubuhi. Ukweli ni kwamba alikuwa amenyamaza tangu harusi. Alishusha begi chini, akavuta pumzi, akajiandaa kumwambia mama mkwe wake maneno yote aliyoyaweka akiba. Lakini Bibi alimshika mkono akamvuta karibu, ili Dieudonné asisikie.

"Baba ya Massoudi alikwendaka mu kiti kama hii," alisema polepole. "Ku hôpital. Alikuwa anaongea, anacheka. Akaniambia nimuchungie kofia. Wakamusukuma, mulango ukafungwa. Mi nikabaki inje na kofia."

Maneno ya akiba yalimpotea Asiya yote. Massoudi alikuwa amemwambia tu kwamba baba alikufa kwa moyo. Habari ya kofia hakuna aliyemwambia, pengine hata Massoudi hakuijua. Alimtazama mama mkwe wake, mwanamke ambaye nusu ya Jabe ilikuwa inamwogopa, na akaona kwamba bado amemshika mkono.

"Basi hakuna mutu atabaki inje, mama," alisema. "Tunaingia wote."

Alimgeukia Dieudonné, na hakumwomba, alimwarifu: Bibi atakaa, mtoto mdogo atakaa juu ya mapaja ya Bibi, yeye na Houda watasimama kila upande, na mlango utafungwa wote wakiwa ndani. Dieudonné alimtazama dereva. Dereva akaitazama ndege, akaitazama saa, akafungua mlango wa gari.

Bibi alikaa. Alikaa taratibu, akapanga vitenge vyake, akampokea Ilyasi, akafumba macho na kusema bismillah. Walipanda katikati ya masanduku ya chakula na birika za chai. Sakafu ilipoanza kupanda, Houda alisema tunaruka, na Bibi akafumbua jicho moja, kisha la pili. Ziwa lilikuwa linang'aa hadi kwenye milima ya Kongo. Chini yao, kwenye ngazi, bwana mmoja mnene mwenye suti alikuwa anapanda huku anahema. Bibi alimpungia mkono kutoka juu, akamwambia pole.

Ndani ya ndege, Ilyasi alianza kulia magurudumu yalipoacha ardhi, kilio cha masikio, kile kisichosikia maziwa wala nyimbo. Abiria waligeuka. Asiya alijaribu chupa, alijaribu simu, alijaribu kumtingisha. Bibi alimchukua, akatoa ndagala mmoja mfukoni, akamtia mdomoni. Ilyasi alishangaa, akatafuna, na masikio yakazibuka. Ukimya uliingia, na pamoja nao harufu. Ilisafiri kutoka kiti hadi kiti mpaka mbele. Yule bwana wa suti aligeuka, na Asiya akajiandaa kuomba radhi, lakini yeye alijitambulisha kuwa ni Térence, kwamba ana mwezi mzima wa mikutano Dar, na akauliza kwa adabu kubwa kama mama anaweza kumgawia wachache.

Chakula kilipofika kwao, mhudumu alisema kuku amekwisha, imebaki tambi.

"Mwanangu," Bibi alimwambia, "kuku nimepanda nao. Nimewahesabu."

Kuku alipatikana.

Dar es Salaam hakuna aliyelazimika kueleza chochote. Kiti kilikuwa kinasubiri mlangoni, na Bibi alikaa kabla msichana aliyekishika hajamaliza kusalimia. Aliuliza tu kama mkwe wake na watoto wataandamana naye mpaka mwisho, akaambiwa ndiyo. Nje alikuwapo Djibril, mume wa Khadidja, aliyekuwa na haya kubwa mbele ya mama mkwe wake, akazunguka kiti kile mara kadhaa bila kujua amshike wapi, mpaka Asiya akamwonyesha.

Jioni, nyumbani kwa Khadidja, Asiya alijilaza na nguo zake zote kati ya watoto wawili, kwenye chumba cha pili. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Sebuleni majirani walikuwa wamejaa kuja kumwona mtoto na bibi yake, na Bibi Sijaona, mjukuu mchanga mikononi, alikuwa anasimulia safari. Katika simulizi yake alikuwa ameletewa gari lake peke yake, linalopanda hewani, lenye chai ndani. Ndagala hawakumwagika. Ngazi aliigusa kwa maneno machache, akasema tu kwamba ilikuwa ndefu na jua kali, akaendelea.

Asiya alisikia alivyoiruka. Alijua kilichokuwa pale, na alijua hatamwambia mtu.

Jirani mmoja aliuliza mama aliwezaje safari yote hiyo na magoti yale.

"Nilikuwa na binti yangu," Bibi alisema.

Jirani akasema alidhani Khadidja alikuwa hapa.

"Apana. Ule mukubwa," Bibi akajibu, akionyesha chumba cha pili kwa kidevu. "Amelala. Mupunguze sauti."