Chokaa ya Mzee Kibwana

Semboja alikuwa fundi mwenye jina, na jina lenyewe aliliandika mwenyewe ukutani. Nenda Vugiri, upande wa kaskazini wa kanisa la mawe, chini ya dirisha la tatu: FUNDI SEMBOJA 1994. Aliliandika kwa ncha ya mwiko saruji ikiwa mbichi, na kwa miaka thelathini na moja kila alipopita hapo alilitupia jicho. Majivuno hayo tumsamehe. Fundi gani hana?

Lakini sasa ukuta ule ulikuwa umetoa tumbo. Husna, mtaalamu wa majengo ya kale aliyeletwa na kanisa, aliugonga kwa kiganja, akasikiliza, kisha akachokoa lipu kwa tindo. Ndani kulikuwa kumelowa tepetepe.

"Usijilaumu, mzee," alisema. "Hata walimu wangu walifundisha hivyo zamani: jengo kuukuu lipige saruji, limepona. Siku hizi tunajua ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa wenyewe. Ukiufunga kwa saruji, maji yanaingia kwenye nyufa halafu hayana pa kutokea. Unaoza kwa ndani."

"Na dawa yake?"

"Tubandue saruji yote, tujaze chokaa. Si hii ya mifuko. Ile ya kuzimwa kwa maji, iliyokaa shimoni muda mrefu. Nimeulizia kila mahali, sijaipata. Na tukibandua bila kujaza, mvua ya kwanza inauangusha."

Masika ilikuwa imebakiza wiki mbili. Kamati ya ujenzi ilishasema: ukuta usipotengemaa, kanisa livunjwe, zipandishwe bloku na bati la kisasa, mambo yaishe. Semboja alibatizwa humo, akafunga ndoa humo, akamuaga baba yake humo. Na kilichomuuma zaidi ni jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu.

Mwaka ule wa 1994 kazi ya ukuta ilikuwa ya baba yake, mzee Erasto. Mzee aliteremka hadi Mazingara, huko Handeni, akapeana mkono na mchoma chokaa aitwaye Kibwana: choma, zima, fukia, tutaifuata. Kabla hawajaifuata, mzee Erasto akafariki. Semboja akarithi kazi, wafadhili wakaleta lori zima la saruji, naye kwa ujana wake akaona chokaa ni ushamba wa wazee. Kibwana hakupelekewa hata salamu.

Maji yalipomfika shingoni ndipo akaikumbuka njia ya Mazingara. Alipanda basi hadi Korogwe, akaunganisha la Handeni, akamalizia kwa bodaboda, roho juu. Alimkuta bibi Tatu, mjane wa Kibwana, akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe wa kwa nani?"

"Wa mzee Erasto wa Vugiri. Yule wa kanisa."

Bibi Tatu aliweka gunzi chini.

"Mmechelewa," alisema.

Hakumgombeza zaidi ya hapo, na afadhali angemgombeza. Alimpeleka nyuma ya banda la mbuzi, akampa jembe. Semboja akafukua udongo, kisha mchanga, na chini yake akaikuta chokaa nyeupe, laini, inakatika kama samli iliyoganda.

"Miaka yote hii, mama, haijakauka?"

"Ikauke vipi? Kila kiangazi tunaimwagia maji."

"Maji ya wapi?"

"Ya bwawani, kwa kichwa. Watu wa msikiti waliiomba, mume wangu akawakatalia. Akasema hii amana ya watu wa kanisa, wenyewe watakuja. Alipokufa nikaendelea mimi."

Semboja alizijua shida za maji za Handeni. Alitaka kuomba radhi, machozi yakamtangulia mbele ya mwanamke wa watu.

"Ichukue, baba," bibi Tatu akasema. "Ichukue nipumzike."

Alipata Fuso, mapipa kumi na manne yakajaa. Furaha ikampanda kichwani. Akampigia Husna: "Nimeipata. Anzeni kubandua leo, kesho asubuhi niko hapo."

"Tusubiri ufike kwanza, mzee."

"Mbingu ni nyeupe, mwanangu. Anzeni."

Wakaanza. Haraka haraka haina baraka, na Semboja hilo aliwahi kuwafundisha wanafunzi wake wote. Jioni ile wingu lilisimama juu ya Usambara, mvua ikashuka kabla ya siku zake, na Fuso ikanasa kwenye tope la kupandia Vugiri hadi kukakucha.

Alipofika kanisani, aliona mimbari akiwa amesimama nje. Ukuta wa kaskazini haukuwepo. Turubai walilouf­unikia ukuta lilikuwa limepeperukia kwenye migomba, na Husna alikuwa ameketi juu ya jiwe, amelowa chapachapa.

"Jina lako nilikuachia ulibandue mwenyewe," alisema bila kuinua uso.

Semboja aliliona. Juu ya kifusi lilikuwa limelala bamba la saruji, zima, halina ufa hata mmoja: FUNDI SEMBOJA 1994. Mwenyekiti wa kamati alimshika bega. "Basi, mzee wetu. Tumejaribu. Tutaagiza bloku."

Hapo simu ikaita. Alikuwa bibi Tatu.

"Chokaa imefika salama?"

"Imefika, mama."

"Alhamdulillahi. Basi ndoo ya leo naifulia nguo zangu."

Semboja alirudisha simu mfukoni. Akaenda kwenye lori, akafunua pipa la kwanza. Kisha akachota maji ya mvua kwenye dimbwi, akaanza kuimwagia chokaa ili isikauke.