Nywele za Ildefonce

Jumamosi alasiri, baada ya kutoka katika shamba la kijiji, Eustakia alitandika mkeka chini ya upenu wa nyumba yake, akaweka kando chanuo la mti, kibuyu kidogo cha samli, uzi mweusi na kisahani cha majivu. Wanawake walikaa kwa zamu kati ya magoti yake. Mwenye nywele fupi za kipilipili alifungwa kwanza kwa uzi, fungu kwa fungu, ili zinyooke, naye alirudi kesho yake kusukwa. Mwenye nywele nzito zilizofika shingoni alisukwa mabutu. Kwa mwenye nywele laini, Eustakia alichovya vidole katika majivu ndipo akaanza, kwa maana nywele laini huteleza kama kambale, na msusi asiye na majivu hufumukiwa na kazi yake kabla hajafika kisogoni.

Alipomaliza kichwa chochote, alikusanya nywele zote zilizotoka na chanuo, akaziviringisha ziwe donge, akamkabidhi mwenye kichwa. Hiyo ilikuwa desturi ya wasusi wa upande ule wa Ngara. Haukubaki kwa msusi hata unywele mmoja, usije ukaokotwa na mtu mwenye nia mbaya. Mwenye kichwa alikwenda nazo kwake, akazifukia au akazichoma, shauri lake.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya, kando ya barabara ya Kanazi. Watu walikuwa wamehamishiwa hapo wakati wa Operesheni, wakajenga nyumba zao kwa mistari iliyonyooka kama walivyoelekezwa, na migomba yao ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kuzaa vizuri. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Bartholomayo, mtu wa maneno machache, aliyependa mikutano ianze kwa wakati.

Katika kiangazi kilichofuata vita vya Kagera, Audax, mwana wa Bartholomayo, alikuja kusukwa.

Alikuja amefunga kitambaa kichwani. Alimwamkia kila mama kwa zamu, akaketi mwisho wa foleni. Adelfina, ambaye hakuweza kuona jambo akalinyamazia, alimwambia kwamba kwenye mkeka ule hapakuwa na mtoto wa Mwenyekiti, na kwamba yeye Adelfina ndiye anayefuata.

"Na ukishapendeza," aliongeza, "tukutafutie mume au mke?"

"Mke, mama," Audax alijibu. "Mume atataka nimpikie, na mimi huunguza hata maharage."

Wanawake walicheka, wakamsogezea nafasi kivulini.

Nywele zilikuwa zimeanza wiki ile aliyorudi kutoka Nyantakara, wilayani Biharamulo, alikokuwa amekaa kwa mjomba wake muda wote wa vita. Ntakirutimana, kinyozi wa kijiji, alimnyoa kwa wembe. Alipomaliza upande wa kushoto, upande wa kulia aliouanzia ulikuwa umekwisha kufunika sikio. Alimnyoa tena, kisha akasema kwamba wembe wake una wateja wengine. Katika zahanati alipewa vidonge vyeupe vya kumeza baada ya chakula. Vidonge vilikwisha, nywele hazikwisha. Bartholomayo alifikiri, akaona kwamba kichwa kisichonyoleka ni cha kusukwa, akamtuma mwanawe kwa msusi.

Zamu yake ilipofika, Audax alifungua kitambaa, nywele zikashuka mpaka mabegani. Eustakia alizishika kwa vidole vikavu, zikateleza. Alichovya vidole katika majivu, akazishika tena. Zilikuwa laini, zenye wekundu kwenye ncha, na utosini zilizunguka mara mbili, mzunguko mmoja ukielekea huku na mwingine kule. Aliufuata mzunguko mmoja kwa kidole, halafu wa pili. Kisha akaendelea.

Alizifahamu nywele hizo. Zilikuwa za Ildefonce, mwana wa Deodata. Ildefonce alikuwa amezaliwa baada ya ndugu zake wote kufa wangali wachanga, na kwa desturi mtoto wa namna hiyo hanyolewi nywele alizozaliwa nazo mpaka akue. Kwa hiyo tangu akiwa wa kubebwa mgongoni mpaka alipoanza shule, Eustakia alikuwa amemsuka kama mtoto wa kike, kwa majivu, akiwa amelala usingizi magotini pake. Nywele za Audax mwenyewe zilikuwa za kipilipili, ngumu, kama za baba yake.

Alimaliza kusuka. Alikusanya donge la nywele, na kwa kuwa hakujua desturi nyingine, alimkabidhi Audax. Audax alilipeleka nyumbani, na baba yake akalitia motoni.

Jioni hiyo Eustakia alikwenda kwa Deodata, akamwambia kwamba nywele za Ildefonce ziko kichwani kwa Audax. Alilisema jambo hilo kama angesema kwamba mbuzi wake ameonekana katika shamba la jirani. Deodata alikuwa akipepeta maharage. Aliuliza kama ni safi. Eustakia alisema zina udongo kidogo.

Mwaka uliotangulia, mgambo walipoitwa kwenda vitani, jina lililosomwa uwanjani lilikuwa la Audax, na aliyeitika alikuwa Ildefonce. Bartholomayo alikuwa amemwendea mapema, akamweleza kwamba mwenzake anaumwa kifua, kwamba ni wiki chache tu, na kwamba kijiji hakisahau. Ildefonce alikuwa kijana wa adabu, hakuwa na mazoea ya kumkatalia mkubwa. Watu wote waliokuwa uwanjani walisikia jina, wakamwona aliyepanda lori, wakapiga makofi. Deodata alikuwa kisimani. Aliporudi na maji yake, vumbi la lori lilikuwa limekwisha kutua.

Vita vilipokwisha, askari mmoja aliyekuwa akirudi kwao alipita kwa Bartholomayo, akamwambia kwa masikitiko kwamba mwanawe Audax ameanguka ng'ambo ya mto Kagera, akazikwa huko pamoja na wengine. Bartholomayo alimshukuru, akamkaribisha chakula. Audax ndiye aliyemmiminia maji ya kunawa. Habari ilienea kijijini kote kabla askari hajamaliza kula.

Katika kijiji kile msiba ulitangazwa na Mwenyekiti, ndipo watu waliposamehewa kazi ya shamba la pamoja, katekista akaitwa, na mama wa marehemu, siku ya kuondoa matanga, akanyolewa kichwa. Mama asiyenyolewa alihesabiwa kuwa hajafiwa. Deodata alikwenda kwa Bartholomayo kuomba msiba utangazwe. Bartholomayo alimweleza kwa upole kwamba Ildefonce hakuitwa vitani, jina lake halikusomwa, kila mtu ni shahidi. Ametoka kijijini bila ruhusa, naye atakaporejea atasamehewa. Zaidi ya hayo, alisema, hapakuwa na mwili. Hata wazee wa zamani hawakuomboleza bila kitu cha kufukia.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, mpaka nywele zilipokuja.

Jumamosi iliyofuata Deodata aliwahi kwenye mkeka. Audax alimwamkia, akainamisha kichwa. Misuko ilikuwa imefika kiunoni. Eustakia aliifumua, na kila alipopitisha chanuo, udongo mweusi ulianguka mkekani pamoja na mbegu za majani yasiyoota Ngara. Ingawa kilikuwa kiangazi, nywele zilikuwa na unyevu.

"Huko kukinyesha, mama, hata mto wangu wa kulalia hulowa," Audax alisema.

Deodata alipitisha vidole vyake taratibu kutoka utosini kwenda chini. Karibu na shingo alikuta mahali padogo, kama tundu la kifungo, ambapo nywele hazikuota kabisa. Ngozi ya Audax hapo ilikuwa nzima, haina kovu. Deodata aliacha kidole chake hapo mpaka Adelfina, ambaye zamu yake ilikuwa inafuata, akasema kwa sauti ya chini kwamba yeye si lazima asukwe siku hiyo.

Kazi ilipokwisha, Deodata aliomba donge la nywele. Sasa alikuwa na kitu cha kufukia. Eustakia alilishika mkononi, hakulitoa upande huu wala ule. Desturi ilisema nywele ni za mwenye kichwa. Haikusema lolote kuhusu kichwa cha mtu mmoja chenye nywele za mwingine. Mwishowe alisema kwamba jambo hilo limezidi mkeka wake, likaamuliwe mkutanoni.

Mkutano ulianza kwa wakati. Deodata alisimama, akaeleza kwamba anaomba nywele za mwanawe azizike, na msiba utangazwe. Hakulaumu mtu. Bartholomayo alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu.

"Kilichoota katika shamba la mtu ni cha mwenye shamba. Nywele zimeota kwa Audax. Ni za Audax."

"Lakini, ndugu Mwenyekiti," Adelfina alisema akiwa ameketi, "si ulitufundisha mwenyewe kwamba hapa hakuna shamba la mtu?"

Watu walicheka, na Bartholomayo mwenyewe akatabasamu. Kisha akaomba wanaokubaliana naye wanyoshe mikono. Mikono ilinyoshwa, kwanza michache, halafu ya watu waliotazamana, halafu yote ila ya wanawake waliokuwa mkekani. Ilikuwa mikono ileile iliyopiga makofi siku ya lori. Kuanzia hapo Bartholomayo alifika mwenyewe kila Jumamosi kuchukua donge la nywele, akaenda nalo akalichoma. Moshi wake ulinuka mvua.

Asubuhi moja Audax alikwenda kwa Deodata kabla watu hawajaenda shambani. Alisimama mlangoni, akatoa chini ya shati msuko mmoja mrefu aliokuwa ameukata kwa kisu.

"Mama, chukua. Baba hajui," alisema. "Uufukie nyuma ya nyumba. Nitakuchimbia."

Deodata aliupokea kwa mikono miwili. Aliupima uzito, akaunusa, akaufuta udongo kwa ncha ya kanga. Kisha akamrudishia.

"Mwanangu aliondoka mchana, watu wote wakitazama," alisema. "Sitamzika kwa kujificha. Siku baba yako atakapotamka jina lake mbele ya watu, ndipo utaniletea."

"Hatalitamka, mama."

"Najua."

Audax aliurudisha msuko chini ya shati. Aliuliza kama kuna jambo lolote jingine awezalo kumfanyia. Deodata alifikiri, akasema kwamba angependa kuchagua yeye jinsi nywele zitakavyosukwa. Audax alisema hilo liko juu ya kichwa chake, na baba yake hakuwahi kulikataza.

Jumamosi hiyo Eustakia alimpisha Deodata kigoda. Deodata alichovya vidole katika majivu, akazigawa nywele kwa njia zilizonyooka kutoka kipajini hadi kisogoni, bila mapambo, bila uzi, bila kupinda. Msuko huo huitwa twende kilioni. Ndio unaosukwa na mtu aliyeletewa habari za kifo, ambaye hana nafasi ya kukaa mkekani mchana kutwa, na kila amwonaye humpa pole kwanza, ndipo akauliza ni nani. Alipofika kwenye lile tundu dogo, aliipitisha misuko kando yake, mmoja huku na mmoja huku, akaliacha wazi.

Wakati wa mkutano uliofuata, Audax aliketi mstari wa mbele, mahali pake pa kawaida. Watu walimwona alipoingia, wakamwona alipoketi, wakanyamaza kama wanyamazavyo matangani. Wanaume walivua kofia. Mama mmoja aliyechelewa alimpa Audax mkono wa pole kabla hajatafuta pa kukaa, na waliomfuata wakafanya vivyo hivyo.

Siku hiyo alikuwapo ofisa wa maendeleo kutoka Ngara mjini, mgeni, mtu wa heshima. Aliitazama ile misuko, akayatazama mavazi yake mwenyewe kana kwamba yana rangi isiyofaa msibani, akamwinamia Mwenyekiti.

"Poleni sana, ndugu Mwenyekiti. Nani amefariki?"

Swali hilo lilisikika mpaka nyuma. Deodata, aliyekuwa ameketi kwenye nyasi na wanawake wenzake, aliinua uso. Nywele zake zilikuwa zimerefuka, zimeanza kuwa na mvi, hazijanyolewa. Bartholomayo alimtazama mwanawe, akaitazama misuko njia kwa njia, kisha akawatazama watu wa kijiji chake, nao wakamtazama.

"Hakuna, ndugu," alisema. "Sisi sote tupo."

Ofisa alishukuru kusikia hivyo. Ajenda ilikuwa uchimbaji wa vyoo. Ilikubaliwa kwamba kila nyumba ichimbe cha kwake kabla ya mvua, na mikono yote ilinyoshwa. Mkutano uliendelea mpaka jua lilipoelekea nyuma ya kilima. Wakati huo misuko ya Audax ilikuwa imeshuka nyuma ya benchi na kugusa vumbi, imelowa tena, na waliokaa nyuma yake walirudisha miguu ili wasiikanyage. Deodata aliaga mapema, akaenda kuchemsha maji ya kuiosha.