Kuni za Baba Mkwe

Mke wa fundi cherehani alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, akipuliza kuni mbichi chini ya maharage yaliyokuwa bado magumu kama kokoto, pale moshi ulipokataa kutoka dirishani. Ulipita mlangoni, ukaingia sebuleni, ukakaa kwenye kiti cha marehemu baba mkwe wake. Ukakunja nne.

Mavyaa wake, mama mzazi wa fundi, aliinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akiupepeta.

"Umerudi, mume wangu," akasema. "Ungefuta miguu kwanza."

Fundi alipotoka kazini alimwamkia baba yake, naye akaitikia kwa kichwa. Mezani pakaongezwa sahani. Ilirudi jikoni kama ilivyokwenda, ila inanuka masizi. Jirani alichungulia, akakumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

"Huyu hata alipokuwa hai jembe hakulishika," mavyaa akamjibu. "Ndiyo aanze leo?"

Basi mzee akazoeleka, na maisha yakaendelea, na mke wa fundi akaendelea kukohoa. Alianza kukohoa tangu aolewe. Daktari alimsikiliza kifua, akasema wazi: aachane na kuni, la sivyo pumzi itaachana naye. Kaka yake, fundi umeme, akamletea sufuria ya umeme, mpya, ndani ya boksi lake.

"Maharage yanaiva kabla hujamaliza kumsengenya mtu, dada."

Mke wa fundi akapika nayo. Mumewe akala, akaramba vidole, akaomba tena. Wala hakujua moto ulitoka wapi. Mkewe aliosha vyombo akiimba, na wimbo ukafika mwisho wake bila kukatwa na kikohozi. Alishangaa kidogo. Hakuwa akijua unavyoisha.

Lakini sebuleni mzee alianza kukonda. Mabega yaliyeyuka kwanza. Halafu ukimtazama kifuani unauona msumari wa ukutani, na kofia yake iliyotundikwa pale.

"Baba yenu anakwisha!" mavyaa akapiga yowe. "Mnamnyima chakula nyumbani kwake!"

Kikao kikafanyika papo hapo. Mke wa fundi alikisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kwa kuwa viti vilikuwa vya waliokaa.

"Mimi nauliza tu," mavyaa akasema. "Mtu anafiwa na mume mmoja mara ngapi?"

Fundi akakuna kichwa.

"Na kifua changu je, mume wangu?" mkewe akauliza.

"Kifua kinavumilika," fundi akasema kwa upole, maana alikuwa mtu mpole. "Baba ni mmoja."

Sufuria ikarudishwa ndani ya boksi, na boksi likawekwa chini ya miguu ya mzee, aegeshe. Fundi akakata mti wa uani, ule uliompa mkewe kivuli cha kufulia, akauleta jikoni ungali unatoa maji. Kuni mbichi ndizo zinazojenga mabega, mavyaa alieleza. Mzee akanenepa hadi akapata na kitambi, ambacho hakuwa nacho duniani.

Adhuhuri moja, mke wa fundi alishikwa na kikohozi kirefu, akashika ukuta. Kilipokwisha, kinywani mwake kikatoka kimoshi chembamba, kimejifunga kilemba upande kama anavyojifunga yeye. Hakikumtazama. Kilipita mlangoni, kikaingia sebuleni, kikasimama kutafuta pa kukaa.

Fundi aliyekuja kula akainuka upesi, akakipisha.

"Karibu kiti, mke wangu," akasema.

Mkewe hakuwa amewahi kukaribishwa kiti mle ndani. Alikitazama kimoshi chake kikikaa, kikinyoosha mgongo, kikipumzika.

Mavyaa naye alikitazama, akakikagua juu hadi chini, akaridhika. Kisha akageuza uso upande wa jikoni.

"Mwanangu," akaita, "ongeza kuni. Sasa wako wawili."

Mke wa fundi akapiga magoti, akapuliza.